Kofia ya Kwato Nne

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto kaeni mbele. Wakubwa kaeni mtakapopata. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana huko mbele tutaingia pangoni, na pangoni mtu hakohoi.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kujuliana hali njiani, paliishi digidigi jike, jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo wa umbo, kama digidigi wote. Akisimama nyuma ya kichuguu humwoni. Alisema kidogo, alipima sana. Akitaka kukata kitambaa alipima, akapima tena, akaenda kulala. Asubuhi akapima tena, ndipo akakata.

Ukoo wake ulikuwa na vazi. Lilikuwa gauni refu la marinda kumi na mawili, lenye kola ya duara na vifungo saba vya mbegu mgongoni. Juu yake kofia ya ukindu, yenye utepe wa kufunga kidevuni na ukingo mpana. Upana wa ukingo ule ulikuwa kwato nne. Si tatu na nusu. Si nne na kidogo. Kwato nne.

Msije mkadhani yalikuwa matambara. La! Nguo zilikuwa mpya, zimeshonwa msimu ule ule, zimetiwa wanga wa muhogo zikasimama zenyewe. Mtindo ndio uliokuwa wa kale. Gauni likichakaa, digidigi hulilaza juu ya kitambaa kipya na kukata jingine, rinda kwa rinda. Kofia ikilegea, husuka nyingine huku ile ya kwanza iko magotini. Hivyo hivyo, mama kwa mtoto, mama kwa mtoto.

Na kwa nini kwato nne? Hakuna aliyejua. Bibi alimwambia mama, "Usipunguze." Mama akamwambia Sikudhani, "Usipunguze." Basi.

Sasa sikilizeni kazi ya vazi lile.

Mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu ya digidigi, kulikuwa na mlima. Ndani ya mlima mna pango. Ndani ya pango mna chumvi ya mawe, na wenye chumvi ni tembo. Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, digidigi mmoja huvaa vazi akaenda. Tembo hawaoni vizuri, na pangoni hamna mwanga. Wao humjua mtu kwa mkonga. Mkonga ukipapasa vazi ukalitambua, digidigi hupewa bonge la chumvi, la kulamba ukoo mzima mwaka mzima. Mkonga usipolitambua, anarudi na kikapu kitupu. Ndivyo tembo walivyopatana na wazee wa digidigi wa zamani sana, kwa jambo ambalo digidigi walikuwa wamelisahau, lakini tembo hawakulisahau.

Miaka yote alikwenda mama. Mwaka ule mama hakuwapo tena. Alikufa migunga ilipotoa maua. Zamu ikawa ya Sikudhani.

Na mwaka ule ulikuwa mbaya. Mvua zilikuwa hazijanyesha kwa miezi saba. Majani yalikuwa makavu, hayana ladha wala nguvu. Mtoto wa Zuena, mdogo wake Sikudhani, alikuwa amelegea miguu. Akisimama, anakaa. Akisimama, anakaa. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamepungua yakawa matone.

Zuena alimfunga dada yake vifungo, kimoja kimoja, mpaka saba. Akasema, "Dada, ukirudi bila chumvi, huyu hatauona mwezi mwingine."

"Nitarudi nayo."

"Na wakikataa?"

"Watakataaje? Nimepima."

Sikudhani akafunga utepe kidevuni. Akatia kikapu mgongoni. Kulikuwa kunapambazuka. Akaondoka, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na gauni likisema chakacha, chakacha, chakacha.

Akaenda, akaenda, akaenda. Jua likapanda. Akafika kwenye mkuyu uliojaa matunda, na juu ya mkuyu kuna Ngedere, mdomo umejaa.

"Wee shangazi! Ngoja!" Ngedere akateremka tawi moja. "Unaanza saa ngapi?"

"Kinaanza nini?"

"Mchezo! Si unakwenda kuigiza?"

"Siendi kuigiza, mwanangu. Nimevaa tu."

"Umevaa tu?" Ngedere akageuka akapiga kelele kwa wenzake. "Jamani! Njooni mmwone! Eti amevaa tu!"

Wakaja. Wakaning'inia kwa miguu, vichwa chini, wakamtazama. Mmoja akauliza, "Humo ndani mnapumulika?" Wa pili akauliza, "Na ukitaka kujikuna mgongo?" Wa tatu akanyosha mkono wenye utomvu wa matunda. "Nipe hiyo kofia niijaribu kidogo. Kidogo tu, shangazi. Sitaichafua."

Sikudhani akarudi nyuma hatua mbili. "Asante, mwanangu. Niko safarini."

"Ana maringo!" wakasema. Wakacheka, kwe-kwe-kwe!

Sikudhani akaenda zake, chakacha, chakacha. Masikio yalimwaka moto chini ya kofia, lakini hakuivua.

Akaenda, akaenda. Akafika penye mawe mekundu. Hapo akatokea Fisi. Alikuja polepole, kichwa kimeinama, uso umejaa huzuni.

"Pole, dada," akasema Fisi. "Pole sana. Pole mno. Nani?"

"Nani nini?"

"Nani ametutoka?"

"Hajafa mtu."

Fisi akainua kichwa. "Hajafa? Na vazi hilo?"

"Hajafa mtu, kaka."

"Labda kuna anayeumwa?" Fisi akameza mate. "Anayeumwa sana?"

Sikudhani akamkumbuka mtoto wa Zuena, anavyosimama na kukaa. Akasema kwa nguvu kuliko alivyozoea, "Hakuna."

"Haya. Mimi nimeona tu vazi, nikasema nisipitwe. Siku mkifiwa, dada, usinisahau. Mimi ni mtu wa watu."

Akaenda zake, akigeuka nyuma kila baada ya hatua tatu, asije akawa amedanganywa.

Sikudhani naye akaendelea. Hakuivua kofia. Ila sasa alikuwa akitembea ubavuni mwa njia, karibu na vichaka.

Akaenda, akaenda, akaenda. Jua likafika utosini. Mara akasikia sauti kutoka mbinguni.

"Lo! Nami nilidhani uyoga umeota miguu!"

Akatazama juu. Alikuwa Twiga. Uso wake mzuri, kope zake ndefu, na sauti yake ya upole.

"Usikasirike, dada," akasema Twiga. "Mimi si kama wale wa mkuyuni. Mimi ninayapenda mambo ya zamani. Bibi yangu alikuwa na kofia kama hiyo hiyo."

Moyo wa Sikudhani ukafunguka. "Kweli? Iko wapi sasa?"

"Tuliitupa. Ilikuwa inashika vumbi." Twiga akainamisha shingo, ikashuka, ikashuka, mpaka macho yake yakawa mbele ya macho ya Sikudhani. "Sasa nikwambie kitu, kwa kukupenda. Gauni ni zuri. Kola ni nzuri. Kosa liko kwenye ukingo tu. Umekumeza. Sura yako nzuri hivi haionekani! Ungeupunguza kidogo, ungependeza mno. Na wala hakuna ambaye angekucheka tena."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Hata mwenyewe usijue."

Twiga akanyanyua shingo akarudi kwenye majani yake. Hakusema neno baya hata moja. Akaaga vizuri.

Jamani. Kicheko cha ngedere Sikudhani alikivumilia. Maswali ya fisi aliyavumilia. Lakini neno lile la upole lilimwingia, likakaa. Akaketi chini ya kichaka. Akavua kofia akaitazama. Ikaonekana kubwa. Asubuhi haikuwa kubwa. Sasa ilikuwa kubwa kama ungo.

"Kwato moja tu," akajiambia. "Tatu zitabaki. Tembo mwenye mkonga mzito hivyo atajuaje kwato moja?"

Na yeye ndiye aliyezoea kupima, akalala, akaamka akapima tena. Siku ile hakupima hata mara moja. Akachomoa kwenye kola sindano ya mwiba yenye uzi wa katani. Akakunja ukingo kwa ndani. Akaushona, chwi, chwi, chwi. Akaivaa, akaondoka.

Akawapita pundamilia kumi. Hakuna aliyegeuza shingo. Akawapita swala wakinywa matope yaliyobaki kisimani. Hakuna aliyesema kitu. Akawapita mbuni wawili, wale hodari wa kuchambua kila apitaye. Kimya. Sikudhani akajiona mwepesi. Akarudi katikati ya njia.

Lakini kuna jambo. Kofia ilikuwa inamyumbia kichwani. Mara iende kushoto, mara iende kulia. Akawa anaishika kwa mkono mmoja mpaka alipofika.

Sasa tumefika mlimani. Nani anakohoa?

Mlima ule haukuanza mbali ukapanda taratibu. Ulisimama ghafla, kama ukuta, na mbele yake mtu hujiona hana umbo. Chini yake pana mdomo mweusi. Upepo uliotoka mdomoni mle ulikuwa wa baridi, unanuka mawe na maji ya zamani. Na kutoka ndani kabisa kulisikika ko! ko! ko! Pembe juu ya mwamba.

Sikudhani akaingia. Hatua kumi, mwanga ukabaki nyuma. Hatua ishirini, akawa anaona kuta tu. Kuta zilikuwa na mistari. Mistari juu ya mistari, mirefu na mifupi, toka chini mpaka juu asikofika mtu. Akaigusa. Kila mstari ni alama ya pembe. Kila pembe ni tembo. Wengine walikufa kabla babu wa babu zake hawajazaliwa, na alama zao bado ni kali, zinakwaruza. Sikudhani akaondoa mkono taratibu, kama aliyegusa uso wa mtu aliyelala.

Hatua hamsini, hakuona kitu tena. Kulikuwa na giza na pumzi. Pumzi kubwa, nyingi, zinapanda na kushuka pande zote. Ardhi ilikuwa inatetemeka kidogo chini ya kwato zake. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, palikuwa na tembo.

Ko! ko! ikakoma.

"Nani?" Sauti ile haikuja masikioni. Ilikuja kupitia miguuni.

"Shikamoo, bibi. Ni digidigi. Nimefuata chumvi."

"Marahaba. Sogea."

Huyo alikuwa Bi Hidaya, mkubwa wa tembo wote. Sikudhani akasogea. Akasikia mkonga unashuka gizani, polepole, ukahema juu yake, hemm. Ukagusa pindo la gauni. Ukahesabu marinda. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka kumi na mbili. Ukapanda mgongoni, ukagusa vifungo, saba. Ukagusa kola, ukaizunguka. Ulikuwa mkonga wa kung'oa miti, na hata wanga haukuuvunja.

Ukafika kwenye kofia.

Ukateleza.

Ukajaribu tena. Ukawa unatafuta, unatafuta, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukanyaga pasipo na ngazi. Ukashindwa kushika. Ukaondoka.

"Siyo hii," akasema Bi Hidaya.

Gizani, tembo wote wakaacha kupumua kwa pamoja.

"Bibi, ni yenyewe..."

"Siyo. Digidigi ni wengi, na vikapu ni vingi. Rudi kwenu salama."

"Bibi, ni mvua tu! Kofia ilinyeshewa, ikarudi, ikawa..."

"Mvua gani?" akauliza Bi Hidaya. "Nchi hii haijaona mvua miezi saba."

Sikudhani akauona moyoni mwili mdogo unaosimama na kukaa, unaosimama na kukaa. Akaona angeweza kutafuta uongo wa pili, lakini pale, mbele ya pumzi zile, uongo wa pili haukuja. Akapiga magoti.

"Sikunyeshewa," akasema. "Nimekunja mwenyewe. Walinicheka njiani, nikavumilia. Kisha mmoja akanishauri kwa upole, sikuvumilia. Nimekunja kwato moja. Mama aliniambia nisipunguze, nami nimepunguza. Bibi, nina mtoto nyumbani. Si wangu, wa mdogo wangu, lakini ni wangu. Hana miguu. Nimekosa mimi, yeye hajakosa."

Basi akavua kofia. Akauma uzi kwa meno. Pwi! Akauvuta. Pwi! Pwi! Uzi ukatoka wote. Akaukunjua ukingo, akaunyosha kwa ulimi na kwa mkono. Akaivaa tena, akafunga utepe.

"Ni hii, bibi," akasema. "Ina makunyanzi sasa. Ila ni hii."

Mkonga ukashuka tena. Ukaenda moja kwa moja kwenye ukingo. Safari hii ukashika. Ncha ya mkonga ikatua juu na chini ya ukindu, ikaenea sawasawa, kama kidole kwenye pete. Ukakaa pale. Ukakaa muda mrefu. Kisha ukaanza kutembea kando kando ya mkunjo, unapapasa vitu vidogo.

"Matundu ya sindano," akasema Bi Hidaya. "Tisa."

"Ndiyo, bibi."

"Ulishona kwa haraka. Mama yako alikuwa na kumi na saba."

Sikudhani hakuelewa. "Mama yangu?"

"Mwaka wake wa kwanza. Yeye alikunja kwato mbili. Akalia hapo hapo ulipopiga magoti. Na mama yake yeye, bibi yako, alikuja kichwa wazi kabisa. Kofia alikuwa ameificha kichakani, kule penye mawe mekundu. Nikamrudisha, akaenda mbio akaifuata, akarudi ana povu mdomoni. Tumewapokea wanne kabla yako, mjukuu wangu. Maisha yenu ni mafupi. Watatu wa mwisho wote waliionea kofia hii aibu njiani, na wote watatu waliivaa tena sawasawa mbele yangu."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza alikuwa Mwanakheri. Huyo hakuchekwa. Wakati wake kila mtu alivaa hivyo, nani amtazame?"

Tembo wakacheka. Lakini si kwe-kwe-kwe. Kilikuwa kicheko cha chini sana, kikatembea kwenye mwamba, na vumbi la chumvi likadondoka kutoka juu kama unga.

Kisha Bi Hidaya akasema, "Sikiliza. Hawakukuambia, kwa kuwa wamesahau. Ulikuwa Mwaka wa Vumbi. Upepo ulivuma siku tatu mfululizo. Vumbi likajaa machoni, hiyo si kitu, sisi macho hatuyategemei. Likajaa mkongani. Harufu ikapotea. Tembo asiyenusa ni jiwe. Mama yangu alikuwa mbele, mimi chini ya tumbo lake, na wengine arobaini nyuma. Tukasimama. Tulikuwa tunangoja kufa. Ndipo tukasikia, chini, karibu na ardhi, chakacha, chakacha, chakacha."

Mkonga ukauzunguka ukingo, taratibu.

"Sauti ndogo ikasema, 'Bibi, shika kofia yangu. Najua maji yalipo.' Mama akashusha mkonga. Akaushika ukingo, pale pale niliposhika mimi sasa. Kwato nne. Ungekuwa mwembamba, ungemteleza. Ungekuwa mpana zaidi, ungekunjika ukamziba Mwanakheri macho. Mama akaushika, nasi tukashikana mikia. Siku mbili tulikwenda. Siku mbili mama hakuuachia, na Mwanakheri hakulala, hakula, hakusimama. Tukafika majini sote. Hata mimi."

Mkonga ukabana ukingo kidogo, kisha ukalegea.

"Mama yangu alikufa zamani. Tembo huwarudia wafu wao wakashika mifupa. Mifupa ya mama ilisombwa na mto. Hatuna cha kushika. Tuna ukingo huu, mara moja kwa mwaka. Ulipoukunja, mjukuu wangu, nilinyosha mkono nikamkosa mama."

Machozi meusi ya digidigi yakamtiririka Sikudhani mashavuni, na gizani hakuna aliyeyaona.

"Simama," akasema Bi Hidaya. "Wenzangu wanangoja."

Wakaja. Du! Du! Du! Mmoja mmoja, toka ndani kabisa ya mlima. Kila mmoja akashusha mkonga, akaushika ukingo, akahema mara moja, akaachia, akapita. Wengine walikuwa wazee, mikonga yao mikavu kama gome. Wengine walikuwa hawajamjua yule mama, waliambiwa tu, nao wakashika kama wanaomjua. Mmoja mchanga akanong'ona, "Kumbe ni mdogo hivi?" Mama yake akamjibu, "Nyamaza. Shika." Naye akashika.

Arobaini wakapita. Hamsini wakapita. Sikudhani alisimama wima chini ya kofia ile, shingo imekaza, bila kutikisika. Hajapata kujiona mdogo kama saa ile, wala hajapata kusimama wima kama saa ile.

Alipopita wa mwisho, Bi Hidaya akarudi ukutani. Ko! Ko! Ko! Mwamba ukaguta. Bonge likaanguka, jeupe hata gizani, kubwa kuliko la miaka yote. Kikapu kikajaa.

Akalala chini ya mlima, katikati ya miguu ya tembo. Kulipopambazuka akashika njia. Mzigo ulikuwa mzito, na kofia ilikuwa imetulia kichwani.

Njiani akakutana na Twiga.

"Ah, dada," akasema Twiga kwa masikitiko. "Umeukunjua tena. Nami nilikushauri vizuri."

"Ulinishauri vizuri, kaka. Ila kofia hii ina mwenyewe."

"Nani?"

"Aliyeishika."

"Yuko wapi?"

"Mtoni," akasema Sikudhani, akapita. Twiga akainua shingo akautazama mto. Hakuona mtu.

Alipofika nyumbani hakukaa. Akalivunja bonge, akampelekea mtoto kipande. Mtoto akalamba. Akalamba. Akalamba. Akasimama, akaanguka. Akalamba tena. Siku ya tatu akasimama, akasimama, akasimama, kisha akaenda kumpiga mama yake kichwa tumboni kudai maziwa. Na maziwa yakatoka.

Hapo ukoo ukakusanyika kusikia habari za safari, kama ilivyo desturi. Sikudhani akaanza kusimulia. Alipofika kwenye kichaka, na sindano, na uzi, Zuena akamvuta gauni.

"Dada, hayo usiyaseme," akanong'ona. "Sema tu umekwenda, umepokewa, umerudi. Mama kila mwaka alisema hivyo."

"Najua," akasema Sikudhani. "Ndiyo maana nilidhani ni mimi peke yangu."

Akayasema yote. Akasema ya mama yake na matundu kumi na saba. Akasema ya bibi yake na kofia ya kichakani. Akasema kwato nne ni za nini, na mkonga wa nani ulishika wapi. Wasichana wa ukoo walikuwa wamekaa mbele, macho yamewatoka. Akawapitishia kofia, kila mmoja akapapasa yale matundu tisa kwa zamu, akayahesabu, akampa mwenzake.

Basi enyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, funzo lake ni hili. Mtu wa njiani huona vazi tu, hamwoni aliyelishika kabla yako. Akicheka, mpite. Akikushauri kwa upole, msikilize, umshukuru, kisha upite vilevile. Usipunguze kitu cha wazee wako kabla hujajua kazi yake. Na ikiwa umekwisha kupunguza, kikunjue, na uwaambie wanao kwamba ulikikunja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uzi nimeukata, sindano nimeirudisha kwenye kola, na sasa mnaweza kukohoa.